Mashine za boti ndizo zinazowafukuza pomboo wa Kizimkazi, au ni sisi manahodha?

Mtoto_wa_Dimbani

Assalaam alaykum wana jukwaa. Wakubwa wote shikamooni.

Mie nahodha, napeleka wageni kuangalia pomboo hapa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Boti ya ami yangu, mashine ya nguvu za farasi arobaini, ile ya kuchanganyiwa oili. Nina suala, na naomba mnijibu kabla ya kunitania.

Kwa asiyeijua kazi yetu: wageni huletwa na gari alfajiri kutoka Paje, Nungwi, Mjini, na saa moja asubuhi tushaingia majini. Boti zinatawanyika kutafuta. Wa kwanza akiona pezi anampigia simu mwenzake, mwenzake naye ana mwenzake, na kufumba na kufumbua boti zote ziko pale. Hapo ndipo vurugu inapoanza. Kila mmoja anataka awe mbele ya pomboo ili wageni wake waruke na maski zao. Unavuta resi, unawapita, unawakatia mbele, unatoa gea ghafla, baharia anapiga ukelele "ruka! ruka! ruka!", wageni wanajitupa. Pomboo wanazama, wanaibukia kule. Wageni wanavutwa juu wakikohoa maji ya chumvi, resi tena. Tunakwenda hivyo mpaka jua linakuwa kali.

Miaka yote sikuwahi kuliwaza hilo. Juzi juzi nanga ikaninasia mwambani, huko upande wa kisiwa cha Pungume, nikazama kuitoa. Chini mwanzo unasikia ule mtatariko wa mwamba, wazamiaji wanaujua, wa wale kamba wadogo wanaogonga kucha. Nikiwa nafungua kamba ya nanga, ukaja mvumo wa mashine ya boti. Jamani, ulikuwa kama kinu cha kukobolea mpunga na wewe umesimama ndani yake. Sikujua unatoka mbele au nyuma, ulikuwa kila pahala, mpaka kwenye meno. Nikaibuka haraka nikijua boti iko juu ya kichwa changu. Naangalia, hamna kitu. Boti yenyewe iko mbali, nahodha wake hata simtambui.

Tangu siku hiyo nimebadilisha. Nikiona mapezi nazima mashine mapema, naacha mkondo unisogeze. Kuna siku wanakuja wenyewe, wanapita chini ya boti, mmoja analala ubavu anatuangalia. Lakini siku nyingi boti nyengine inapita katikati yangu na wao, na wageni wangu wanabaki kuangalia makalio ya wageni wa watu. Mmoja kaenda kuandika mtandaoni kwamba nahodha wao mvivu. Aliyemleta akampigia ami. Ami akanipigia mie, na aliyoniambia siyaandiki hapa.

Sasa suala langu: kinachowaudhi pomboo ni kelele ya mashine, au ni wingi wetu na watu kuwarukia? Kama ni kelele, huenda kuna la kufanya kwenye mashine au kwenye uendeshaji. Kama ni watu kuruka, hilo ni jengine na ami hatolisikia.

La pili la pembeni. Usiku nikilala masikio yananilia "nziii", na mke wangu anasema televisheni naifungua mpaka jirani anasikiliza taarifa ya habari bure. Nina miaka 34 tu. Kuna mwenye kujua?

MzeeWaJarife

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Marahaba.

Wewe unauliza pomboo anasikia nini. Sisi tulipokuwa na umri wako tulikuwa tukimvua. Nyama yake chambo cha papa, mafuta yake tunapaka vyombo. Hakuna aliyeuliza habari za masikio yake. Wageni walipoanza kuja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndipo tulipoona kumbe akiwa hai ana faida kuliko akiwa kwenye ndoana, tukaacha. Kwa hiyo mtu asije hapa kuwatukana manahodha wa Kizimkazi. Boti ndizo zilizomuokoa pomboo, na mabati mengi unayoyaona pale kijijini yameezekwa kwa pesa zake.

Halafu jengine. Kama mashine inamkera, mbona anakuja mwenyewe kupanda wimbi la omo, pale mbele ya chombo? Nimeendesha dau la mashine toka ujana, wanakuja wanacheza mbele ya omo mpaka wanachoka wao, na mashine inanguruma vile vile. Mtu anayechukia ngoma hachezi.

La masikio, hiyo ni kazi. Mie langu la kulia, upande wa mashine, limekufa zamani. Namsikia bibi yako kwa la kushoto, na siku nyengine nashukuru.

BintiMenai

Mzee Jarife shikamoo. Kaka wa Dimbani, suala lako zuri, na nimelisomea kidogo (sayansi za bahari), basi nivumilieni nikirefusha.

Nianze na wimbi la omo, kwa sababu mzee kagusa pahala penyewe. Pomboo anayepanda wimbi kachagua. Boti inakwenda njia moja, mwendo mmoja, anajua iko wapi, na akitosheka anapinda anaondoka. Anayezungukwa na boti zinazovuta resi na kuachia, zinazotoa gea na kuingiza, hakuchagua chochote. Na tazama ni yupi anayekuja kwenye omo. Mama mwenye mtoto mchanga humuoni hapo mara nyingi.

Pia si jambo la kukisia. Kuna watafiti waliokaa hapo hapo kwenye maji yenu. Chapisho la 2007 liliwaangalia majike wa Kizimkazi, na likaonesha kwamba boti na waogeleaji wakizidi, mwendo wao unavurugika, wanapinda pinda na kuzama kwa kushtuka. Jengine la 2010 lilionesha kwamba boti zikiwepo pomboo wanapunguza kupumzika, kutafuta chakula na kukaa pamoja, na muda huo wanautumia kusafiri tu. Yaani wewe unaona pomboo wengi wanaopita, mgeni anafurahi, kumbe wamekatishwa chakula cha asubuhi.

Sasa kelele peke yake, bila ya watu kuruka. Kuna majaribio mawili nayapenda kwa sababu yanatenganisha hayo mambo.

La kwanza ni la Florida, limechapishwa 2023. Pomboo wawili waliofundishwa, majina yao Delta na Reese, walitakiwa kila mmoja abonyeze kitufe chake chini ya maji kwa wakati mmoja na mwenzake, wasipishane zaidi ya sekunde moja. Kukiwa kimya walipatia asilimia 85. Watafiti wakaweka spika majini na kuongeza kelele hatua kwa hatua. Pomboo wakapiga miluzi kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, wakageuka kutazamana, na bado wakashuka mpaka asilimia 62.5. Hapo hapakuwa na boti wala mgeni. Ni kelele tu.

La pili halikupangwa na mtu. Baada ya Septemba 11, 2001, meli zilipungua ghafla katika Ghuba ya Fundy, Kanada. Kelele chini ya maji ikashuka kwa desibeli 6 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), na homoni za msongo kwenye kinyesi cha nyangumi wa pale zikashuka pia. Nyangumi hao hakuna anayewarukia.

Kwa nini inawaathiri hivyo? Maji yanabeba sauti kuliko hewa. Hewani sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, baharini karibu mita 1,500, na inafika mbali zaidi kabla ya kufifia. Ndiyo maana hukujua inatoka wapi. Masikio yetu yanapima upande kwa kutofautisha sikio lipi limesikia mwanzo, na majini tofauti hiyo inakuwa ndogo mno kwetu. Pomboo yeye majini ndiko kwao, upande anaujua. Shida yake ni kwamba kila mmoja ana mluzi wake unaomtambulisha, na mama na mtoto wakipotezana hutafutana kwa miluzi hiyo. Mashine ikivuma juu yake, mluzi haufiki. Watafiti walipima Australia Magharibi: boti ndogo inayokwenda mwendo wa noti 5 tu (kama kilomita 9 kwa saa) kwenye maji madogo inapunguza kwa asilimia 26 umbali ambao pomboo walio ndani ya mita 50 kutoka kwenye boti wanaweza kusikilizana. Noti 5, kaka. Nyinyi mkikimbilia kuwakatia mbele mnakwenda ngapi?

Kuhusu mashine yenyewe, kelele kubwa ya chini si ile unayoisikia juu. Propela ikizunguka mbio, nyuma ya bapa maji hayaiwahi, vinazaliwa viputo na kupasuka hapo hapo. Kupasuka huko ndiko kunakopiga kelele, tena ya nyuzi za juu ambazo pomboo anazitumia. Na mashine nyingi za nyuma hutolea moshi ndani ya maji kupitia kitovu cha propela, kwa hiyo sehemu ya mngurumo uliopunguziwa wewe kapelekewa yeye. Kwa hilo, kununua mashine mpya isiyochanganywa oili kutakusaidia masikio yako na mfuko wa mafuta, lakini ukiiendesha mbio pomboo hatoona tofauti kubwa. Kinachopunguza ni mwendo. Na kagua propela yako. Bapa lililong'oka ncha au kupinda linaanza viputo mapema kuliko zima.

Mtoto_wa_Dimbani

Dada Binti ahsante sana. Nimekwenda kuiangalia propela muda huu huu na tochi ya simu. Bapa moja lina pengo la ukucha wa kidole gumba, liligonga mwamba maji yalipokuwa kupwa, na la pili limekunjika ncha. Nilikuwa najua linatetema kidogo kwenye usukani, nikasema alimradi inakwenda.

Mzee wangu, sikukusudia kumtukana mtu. Mie mwenyewe nimo. Na habari za kuvua nimezisikia kwa babu, tena alikuwa akisema pomboo akichomwa wenzake hawamkimbii, wanamzunguka. Mie hapo huwa nanyamaza.

Ila dada, hilo la mwendo ndilo lenye mtihani. Nikienda noti 5 nafika wa mwisho. Wageni wamelipa, wameamka saa kumi za usiku, na kichwani mwao wana ile picha ya kwenye kipeperushi, mtu kamgusa pomboo. Nani aliipiga ile picha sijui, lakini mie ndiye ninayelipishwa deni lake kila asubuhi.

KijanaWaWasini

Salaam kutoka pwani ya Kenya. Kaka, deni la ile picha ndilo ninalotaka kulisemea.

Huku kwetu wageni wanapanda Shimoni, wanakwenda Kisite, ndani ya hifadhi. Pomboo wapo wengi, lakini kinachouzwa ni safari nzima. Mwamba wa kuogelea na maski, halafu chakula Wasini, kaa na wali wa nazi. Pomboo huonekana njiani. Wakionekana nahodha anapunguza mwendo, wageni wanapiga picha, tunaendelea. Hakuna anayeruka. Siku hawakuonekana, mgeni anasikitika kidogo halafu anakula kaa. Sisemi sisi malaika, nishaona boti zetu zikiwasonga, na siku za msimu ni vurugu vile vile. Lakini nahodha wa huku hapimwi kwa pomboo, na hilo linampa nafasi ya kukaa mbali.

Nyinyi mnauza "kuogelea na pomboo". Ukishauza neno hilo ushajifunga, lazima umkimbize. Pungume unayo, fungu la mchanga unalo, mwamba unao. Badilisha mpangilio: mwamba kwanza, pomboo baadaye boti za alfajiri zikishatawanyika. Na mgeni ambiwe akiwa bado hotelini, si akiwa ndani ya boti kashavaa maski.

sikio_la_kufa

Jina langu la jukwaani lisikutishe, mie nafanya kazi kliniki ya masikio. Nakujibu la pili maana naona wote wamekimbilia kwa pomboo.

Kulia "nziii" ukiwa kimya, na kupandisha sauti ya televisheni, kwa mtu anayekaa hatua mbili kutoka kwenye mashine kila siku, kwanza nashuku kelele. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinywele vinavyopokea mtikisiko. Kelele inavilaza, ukipumzika vinainuka, na ndiyo maana mwanzo ukiamka asubuhi unajiona uko sawa. Vikilazwa kila siku vinakufa, na kwa binadamu havioti tena. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba. Utamsikia mwanamme mwenye sauti nzito, lakini mtoto wako wa kike akisema kitu utamuuliza "nini?" mara mbili. Utadhani watu siku hizi wanamung'unya maneno.

Kipimo kinachotumika kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ikizidi 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Huna chombo cha kupimia? Msimamishe baharia wako kwa urefu wa mkono wakati mashine inakwenda. Kama lazima upige ukelele ndipo akusikie, ushavuka 85.

Pamba haisaidii kitu cha maana, hata ukiishindilia. Mafuta ya nazi ya moto sikioni usithubutu. Nunua vizibo vya sponji. Unakivingirisha kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Wengi wanakibandika mlangoni halafu wanasema hakifanyi kazi. Na nenda kapimwe. Huenda ni uchafu tu umeziba, utasafishwa urudi nyumbani. Huenda sivyo, na hapo utajua umebakiwa na nini cha kulinda.

Mzee Jarife, na wewe pia ungepimwa hilo la kushoto.

MzeeWaJarife

Hili la kushoto liacheni lilivyo.

Lakini nina neno. Nyote mnaisema mashine, mashine. Baruti je? Mie nimevua mpaka upande wa bara. Bomu likilia chini, hata ukiwa ndani ya dau unalisikia kwenye mbao, na samaki wanaelea matumbo juu, wengine wamepasuka vibofu vyao vya hewa. Huyo pomboo wenu wa Florida mumuwekee hiyo kwenye spika.

BintiMenai

Mzee, hapo huna mpinzani. 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania na vinasa sauti vikiburutwa majini, kusudi wahesabu miripuko. Walinasa zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Baruti inaua na kuvunja mwamba, haina mjadala. Kelele ya mashine haiui. Inamnyima mtu usingizi na chakula kila asubuhi, msimu baada ya msimu, tena pale pale anapoishi. Pomboo wa Kizimkazi ni wakaazi, hawana pengine wanapokwenda wageni wakija.

Kaka wa Dimbani, kwa kesho asubuhi: ukiwaona, shusha mwendo ungali mbali, usisubiri ufike. Waendee kwa ubavu, mkiwa mnaelekea upande mmoja, usiwatokee mbele wala usiwafuate kwa nyuma. Gea usiitoe na kuiingiza ovyo, ule mgongano wake wa chuma unasikika mbali. Kama zimeshafika boti mbili tatu, zunguka nenda mwambani urudi. Na mwenye mtoto ubavuni mwache kabisa. Miongozo ya kuangalia pomboo pahala pengi ndiyo hiyo hiyo, na ghuba yenu ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, kwa hiyo hakuna atakayekwambia umeitunga.

Mtoto_wa_Dimbani

Nimeongea na ami baada ya isha. Habari za mluzi wa mama na mtoto hazikumuingia. Habari za mafuta zimemuingia. Nilimpigia hesabu ya petroli tunayoimwaga kwa kukimbizana, kuvuta resi na kuachia asubuhi nzima, akanyamaza, akaomba nimrudilie. Amekubali tujaribu mwamba kwanza pomboo baadaye, lakini kwa wageni wanaokuja kwetu moja kwa moja. Wale wanaoletwa na mawakala anasema kaniachia mwenyewe nikapigane nao.

Manahodha wenzangu wawili nimewaambia tusipigiane tena simu tukiona pezi. Mmoja kakubali. Wa pili kanicheka, akasema basi atapigiwa na wengine. Ni kweli, atapigiwa.

Vizibo nimeagiza kwa dereva wa daladala aniletee kutoka mjini, mie na baharia wangu. Baharia anauliza kama navyo vinakatwa kwenye mshahara.

Sasa imebaki propela. Nani anamjua fundi anayejua kuziba alumini vizuri? Sio wa kuchomea mageti. Nilishaona propela ya mtu imetoka kwa fundi wa mageti, bapa moja zito kuliko jengine, boti inacheza kama ina homa.

MzeeWaJarife

Usiipeleke kwa fundi. Nina ya arobaini uani, nzima, imefungwa kwenye gunia toka nilipouza mashine. Njoo nayo yako tulinganishe meno ya ndani. Njoo baada ya laasiri, asubuhi sipo.

Si bure lakini.